SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA MODULI YA PHP KATIKA SEVA YA TAWI



Matawi yetu kadhaa sasa yana kompyuta ya ofisi, na baadhi yamekwisha kuifanya kompyuta hiyo kuwa seva, ili mwanachama aweze kuufungua ukurasa wa tawi kwa simu yake akiwa shambani au kwenye zamu. Hili ni jambo jema. Lakini liko kosa moja linalorudiwa mara kwa mara, nalo ni dogo kulitenda na kubwa kwa matokeo yake: seva inawashwa, kurasa zinafunguka, ila moduli ya lugha ya PHP haikufungwa. Hapo ukurasa uliokusudiwa kumjibu mfanyakazi unamwonyesha yeye, na mtu mwingine yeyote, maandishi ya ndani ya ukurasa wenyewe pamoja na siri zilizomo.

Somo hili ni kwa makatibu wa matawi na vijana wanaowasaidia. Asiyeshika kompyuta naye asome, maana jina lake ndilo limo katika daftari tunalolinda.

Tuanze na seva. Seva ni programu inayokesha ikingoja kuombwa. Mtu akiandika anwani ya tawi, ombi lake linafika kwenye kompyuta yetu, seva inatafuta faili lililotajwa na kumpelekea. Programu tunayoitumia sisi inaitwa Apache. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na kikundi cha mafundi wa kujitolea, waliokuwa kila mmoja ana viraka vyake vya kurekebisha seva ya zamani iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani. Waliviunganisha viraka vyao, wakatoa kitu kimoja na kukigawa bure. Mpaka leo hailipiwi, na hiyo ni sababu mojawapo ya chama chenye mfuko mdogo kuichagua.

Ukurasa wa kawaida ni kama tangazo lililobandikwa ukutani. Limeandikwa mara moja, na kila anayepita husoma maneno yale yale. Tangazo la mkutano wa Jumapili linatosha kuwa la namna hiyo. Lakini mchumaji wa chai anayetaka kujua kama hesabu ya karatasi yake ya malipo ni sahihi hasaidiwi na tangazo. Yeye anahitaji karani aliyeketi dirishani: ampe kilo zake, karani azidishe kwa bei iliyomo katika mkataba, amjibu. PHP ndiyo lugha ya kumwandikia karani huyo maagizo. Tazama maagizo mafupi kama haya, yaliyomo katika faili linaloitwa malipo.php:

<?php
$kilo = 38;
$bei = 120;
echo "Unastahili: " . $kilo * $bei;
?>

Seva yenye moduli ya PHP ikiombwa faili hili, inasoma maagizo kutoka alama ya kufungua mpaka alama ya kufunga, inayatimiza, kisha inampelekea mwombaji jibu peke yake: Unastahili: 4560. Maagizo yenyewe hayatoki nje ya kompyuta. Seva isiyo na moduli haijui kwamba hayo ni maagizo. Kwake ni faili kama mafaili mengine, basi inalichukua lilivyo na kulipeleka zima zima. Wakati mwingine simu ya mwombaji itauliza kama ahifadhi faili. Wakati mwingine maagizo yatatokea kwenye skrini. Na wakati mwingine ukurasa utaonekana una mapengo tu, kumbe mwenye ujuzi kidogo akiomba kuona chanzo cha ukurasa anayasoma yote. Hali hii ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu katibu huona mapengo akadhani ni intaneti inasumbua.

Katika mfano wetu hakuna siri. Lakini ukurasa wa kweli wa tawi hauna bei na kilo tu. Unafungua hifadhidata, yaani lile daftari kubwa la wanachama lenye majina, namba za simu, idara na ada walizolipa, na ili kulifungua hapana budi uwe na jina na nenosiri. Mafundi wengi, kwa haraka, huliandika nenosiri hilo ndani ya ukurasa wenyewe.

Nitaeleza niliyoyaona. Katika tawi moja la shamba la chai, ambalo sitalitaja, kijana wetu alipandisha mfumo wa kompyuta kutoka toleo la 11 la Debian kwenda toleo la 12. Ilikuwa Ijumaa jioni. Toleo la 11 lilikuwa na PHP 7.4, la 12 lina PHP 8.2. Moduli ya zamani iliondolewa, mpya haikufungwa. Kijana alifungua ukurasa wa kwanza wa tawi, akauona, akazima taa akaenda zake. Ukurasa huo wa kwanza ulikuwa tangazo tu, hauhitaji PHP. Jumatatu saa nne asubuhi mama mmoja mchumaji alikuja ofisini na simu yake mkononi. "Ndugu Katibu," akasema, "mimi nimeomba hesabu ya kilo zangu, naona mmeniletea barua ya Kizungu." Katibu akatazama. Mstari wa sita ulikuwa na jina la daftari, wa saba ulikuwa na nenosiri.

Yafaa ieleweke tulikuwa katika hali gani. Tawi lilikuwa bado linakusanya idadi ya wanachama inayotakiwa ili mwajiri alitambue. Majina ya waliojiunga karibuni yalikuwa hayajapelekwa kwake, na wengi wao walikuwa vibarua wa msimu ambao mkataba wao huisha kwa neno moja la nyapara. Tulisoma kumbukumbu za seva. Ukurasa ule ulikuwa umeombwa mara 17 tangu Ijumaa jioni, na mara tatu kati ya hizo ombi lilitoka kwenye anwani ya intaneti ya ofisi ya shamba.

Tulinusurika kwa jambo ambalo hatukulipanga. Programu ya hifadhidata inayokuja na Debian, isipobadilishwa, hukubali maombi yanayotoka ndani ya kompyuta ile ile tu, kwa hiyo nenosiri peke yake lisingemfikisha mtu wa nje kwenye daftari. Lakini nenosiri lile lile ndilo lilikuwa la barua pepe ya tawi, na barua pepe inafunguliwa kutoka popote, na humo mlikuwa na orodha iliyotumwa makao makuu mwezi uliopita. Tulibadilisha yote saa ile ile. Hatukukuta dalili kwamba mtu aliingia. Katika mkutano tuliwaambia wanachama ukweli, na kibarua mmoja akasimama akauliza kama angefukuzwa nani angelisha watoto wake. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Wala wasifikiri makatibu kwamba kosa hili ni la watu wa mashambani. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 isingewezekana, maana kampuni yenyewe haikuwapo, lakini Agosti 2007 sehemu ya maagizo ya PHP ya ukurasa mkuu wa Facebook ilionekana hadharani na kunakiliwa. Kampuni ilieleza kwamba seva yake moja haikupangwa sawasawa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kwanza maana ya neno moduli. Kila mtu wa shamba la miwa analijua trekta. Trekta ni moja, lakini nyuma yake leo hufungwa plau, kesho haro, keshokutwa tela. Apache imejengwa kwa namna hiyo: ni injini, na kazi nyingi zinafanywa na vifaa vinavyofungwa nyuma yake, navyo ndivyo moduli. Sasa, plau kuwamo stoo si sawa na plau kufungwa kwenye trekta. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanasema, "PHP tumekwisha kuiweka." Ndiyo, imo stoo.

Zamani haikuwa hivyo. PHP ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu watu waliosoma maelezo yake ya kuombea kazi aliyoyaweka kwenye intaneti. Mtafuta kazi alitaka kujua kama waajiri wanamsoma! Wakati ule programu yake ilikaa nje ya seva. Kila ombi likija, seva iliiamsha, ikafanya kazi, ikafa, na ombi lililofuata ikaamshwa upya. Ni kama kuajiri kibarua mpya kwa kila gunia. Moduli iliondoa usumbufu huo kwa kumweka karani ndani ya seva, akiwa macho muda wote.

Nitatumia mfano wa Debian 12, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za matawi. Mwenye Debian 13 atakuta PHP 8.4, basi kila ninapoandika 8.2 yeye aandike 8.4. Maagizo haya huandikwa kwenye terminali, mstari mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja unabonyeza kitufe cha kuingiza. Cha kwanza ni kuleta vifaa stoo:

sudo apt update
sudo apt install apache2 php libapache2-mod-php

Lile fungu la mwisho lenye jina refu ndilo moduli. Mtu akileta fungu jingine la PHP akaliacha hili, ataweza kutumia PHP kwenye terminali, lakini Apache haitajua habari zake. Mara nyingi kompyuta ikimaliza kuleta fungu hili huifunga moduli yenyewe, na ndiyo maana wengine hawajawahi kuifunga kwa mkono na siku ya matatizo hawajui pa kushika.

Tazama stoo na tazama trekta:

ls /etc/apache2/mods-available
ls /etc/apache2/mods-enabled

Folda ya kwanza ndiyo stoo, ya pili ni vilivyofungwa. Katika folda ya pili hamna mafaili halisi, mna viungo tu vinavyoelekeza stoo. Ukiona php8.2.load na php8.2.conf katika ya kwanza lakini huvioni katika ya pili, umeupata ugonjwa. Dawa yake ni mstari mmoja:

sudo a2enmod php8.2

Agizo hili halifanyi uchawi wowote. Linaweka vile viungo viwili tu. Faili lenye mwisho wa load lina mstari unaoanza na neno LoadModule, unaoiambia Apache kifaa kiko wapi kwenye diski. Faili lenye mwisho wa conf linaiambia kwamba kila faili ambalo jina lake linaishia na php likabidhiwe kwa karani. Yote mawili yanahitajika. Nimewahi kukuta la kwanza limefungwa na la pili limefutwa: karani yumo ndani, ameketi, lakini hapelekewi kazi, na maagizo yanaendelea kumwagika nje kama vile hayupo.

Inawezekana hapo kompyuta ikakataa, ikitaja mpm_event na mpm_prefork. Usiogope, maana yake ni hii. Apache ina taratibu mbalimbali za kugawa kazi. Kwa utaratibu wa prefork kila ombi linapewa mchakato wake, kama mkataji miwa mwenye panga lake na mstari wake. Kwa utaratibu wa event mchakato mmoja una nyuzi nyingi zinazofanya kazi pamoja, kama watu kumi kwenye meza moja wanaotumia kalamu na daftari moja. Event inatumia kumbukumbu kidogo, nayo ni nzuri kwa seva yenye wageni wengi. Lakini moduli ya PHP inayotolewa na Debian haikujengwa kuvumilia kalamu moja kushikwa na wengi, na ukiilazimisha, Apache itakataa kabisa kuwaka. Kwa hiyo badilisha utaratibu kwanza, ndipo ufunge moduli:

sudo a2dismod mpm_event
sudo a2enmod mpm_prefork
sudo a2enmod php8.2

Kabla ya kuizima na kuiwasha seva, ikague. Fundi wa kiwandani hawashi mashine bila kuangalia kama kuna spana iliyosahauliwa ndani.

sudo apache2ctl configtest

Ikijibu Syntax OK, endelea. Ikijibu vinginevyo itakutajia faili na namba ya mstari wenye kosa, nawe usiwashe mpaka umerekebisha. Seva inayoendelea na kazi haijui mabadiliko yako mpaka iwashwe upya, na hapa pia wengi husahau, wakarudia kufunga moduli mara tano huku seva ikiendelea na mpango wa jana:

sudo systemctl restart apache2
sudo apache2ctl -M | grep php

Mstari wa pili unauliza seva vifaa ilivyonavyo mwilini sasa hivi. Jibu linalotakiwa ni php_module. Kwa wenye PHP 7 jibu lilikuwa php7_module, na tofauti hiyo ya jina itatuhusu baadaye. Kimya maana yake haipo.

Sasa jaribu kwa macho. Tengeneza faili jaribio.php katika folda /var/www/html, lenye mstari mmoja:

<?php phpinfo(); ?>

Lifungue katika kivinjari kwa anwani http://localhost/jaribio.php. Jedwali refu lenye toleo la PHP na habari zake likitokea, karani yuko kazini. Usilifungue faili kwa kulibonyeza ndani ya folda. Ukifanya hivyo kivinjari kinalisoma moja kwa moja kutoka kwenye diski, seva haikuulizwa kabisa, na utaona maagizo hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Nimeshuhudia ndugu wawili wakigombana saa nzima kwa jambo hilo, kila mmoja akiwa na haki kwa jinsi alivyolifungua.

Ukimaliza, futa jaribio.php siku hiyo hiyo. Jedwali lile linamweleza kila mtu toleo, njia za mafaili na mpangilio wa kompyuta yako.

Yako mambo mengine yanayofanana na ugonjwa huu lakini si huu. La kwanza, kurasa zilizoandikwa zamani hufunguliwa kwa alama fupi, bila herufi php baada ya alama ya kuuliza. Debian huja na alama fupi zikiwa zimezimwa, kwa hiyo moduli inafanya kazi, ukurasa mmoja unajibu vizuri na mwingine unamwaga maagizo. Andika alama ndefu katika kurasa zote. La pili, kurasa zilizomo katika folda ya public_html ya mtumiaji hazitatimizwa, kwa kuwa Debian imemkataza karani kufanya kazi humo kwa makusudi. La tatu, simu inaweza kuwa imehifadhi nakala ya ukurasa mbovu wa jana, basi safisha kumbukumbu ya kivinjari kabla ya kuilaumu seva.

Wenye kompyuta za Windows watahitaji maneno machache. Huko hakuna a2enmod. Mstari wa LoadModule huandikwa kwa mkono katika faili la httpd.conf, ukielekeza faili php8apache2_4.dll, pamoja na mstari wa AddHandler wa kupeleka mafaili ya php kwa karani. Lazima uchukue toleo la PHP lililojengwa kwa ajili ya nyuzi, maana Apache ya Windows inatumia nyuzi. Wengi hutumia fungu la XAMPP ambalo lina kila kitu tayari. Hilo ni la kujifunzia, na watengenezaji wenyewe wanasema si la kuwekwa hadharani. Kwa daftari la wanachama nashauri Debian.

Tukisha kuifunga moduli, bado hatujamaliza, kwa sababu ipo siku itafunguka tena: mfumo utapandishwa toleo, au kijana mwingine atagusa asichokijua. Kwa hiyo tunaweka kizuizi. Tunaiambia Apache kwamba ikiwa karani hayupo, basi dirisha lifungwe, asipewe mtu kitu. Tengeneza faili /etc/apache2/conf-available/zuia-php.conf lenye mistari hii:

<IfModule !php_module>
  <FilesMatch "\.php$">
    Require all denied
  </FilesMatch>
</IfModule>

Alama ya mshangao mbele ya jina la moduli inamaanisha "ikiwa haipo". Kisha:

sudo a2enconf zuia-php
sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl restart apache2

Tangu hapo moduli ikikosekana, mwanachama ataambiwa hana ruhusa. Ni usumbufu, lakini daftari halionekani. Usikubali kwa maneno, jaribu: ifungue moduli kwa sudo a2dismod php8.2, washa seva upya, uombe ukurasa wa malipo uone unakataliwa, kisha uifunge tena na kuwasha upya. Jina la moduli katika kizuizi lazima liwe lile lile seva inaloonyesha. Na matawi yanayotumia PHP-FPM, ambayo ni njia nyingine ya kumweka karani nje ya seva katika mchakato wake maalumu huku event ikiendelea kutumika, yasiweke kizuizi hiki kama kilivyo, maana kwao php_module haimo daima na kurasa zote zitafungwa. Kwa tawi lenye wageni maelfu FPM ni bora zaidi. Kwa tawi la wanachama mia tano, moduli inatosha, tena ina mambo machache ya kuharibika.

Kinga ya pili ni kuliondoa nenosiri kwenye folda ya kurasa. Seva hutoa mafaili yaliyomo /var/www/html tu. Liweke faili la siri nje ya hapo, mathalan /var/www/siri/siri.php, na ndani ya ukurasa uandike mstari wa kuliita:

require '/var/www/siri/siri.php';

Kisha lipe ruhusa ya kusomwa na seva bila wengine:

sudo chown root:www-data /var/www/siri/siri.php
sudo chmod 640 /var/www/siri/siri.php

Hata ukurasa ukimwagika, mtu ataona mahali siri ilipo, hataiona siri. Katika lile tawi la chai hili lingetosha kutuokoa bila kitu kingine chochote. Na nenosiri la hifadhidata liwe la hifadhidata peke yake. Lisiwe la barua pepe, wala la simu ya katibu, wala la mwanawe.

Linapotokea licha ya yote hayo, zima seva kwanza, kabla ya kutafuta sababu:

sudo systemctl stop apache2

Ndipo ubadilishe kila nenosiri lililokuwamo katika ukurasa na kila mahali lilipotumika tena. Kisha soma nani aliomba ukurasa ule na lini:

grep malipo.php /var/log/apache2/access.log

Nakili kumbukumbu hizo mahali pengine mapema, kwa kuwa mfumo hufuta za zamani baada ya muda. Kisha waambie wanachama. Siyo hisani hiyo. Uganda ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na chama kinachotunza majina na namba za simu za wafanyakazi kinabeba wajibu kama mtunzaji mwingine yeyote. Sisi tunaomdai mwajiri asichezee kumbukumbu zetu hatuwezi kujisamehe katika jambo lilo hilo.

Neno la mwisho ni kuhusu siku ya kufanya kazi hii. Usipandishe toleo la mfumo Ijumaa jioni. Fanya asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa na mtu wa pili, na mkimaliza mfungue kila ukurasa unaoishia na php, siyo ule wa kwanza tu. Andikeni orodha ya kurasa hizo ibandikwe ukutani karibu na kompyuta.

Maswali ya kujadiliana tawini

Katika seva ya tawi lenu, nani anajua nenosiri la hifadhidata, na limeandikwa katika faili gani? Lifungueni faili hilo pamoja mwone.

Ukurasa wa malipo unaonyesha mapengo na maandishi machache. Mwenzenu anasema ni intaneti. Mtatumia agizo gani moja kujua kama ni kweli?

Katibu ameandika a2enmod php8.2, kompyuta ikajibu kwamba imekubali, lakini maagizo bado yanaonekana. Tajeni sababu tatu zinazowezekana, mseme mngeanza na ipi.

Kwa nini kizuizi cha zuia-php hakimsaidii mtu aliyefunga faili la load akafuta faili la conf? Mngeongeza nini ili hali hiyo nayo izibwe?